Kocha Bernadine na Zamu ya Kila Mtu

Ndugu wafiwa, majirani wa Bay View, wana-Mabata wote, na ninyi wapinzani mliokuja mmevaa jezi zenu bila haya: mimi ni Lucius Tolliver, shemeji wa marehemu. Dada yangu Odessa ameniomba niwasomee maisha ya mkewe, akanipa masharti mawili. Nisitie chumvi, na nisilie kabla ya kufika kwenye fainali. Hilo la kwanza nitajitahidi.

Marehemu Bernadine Leocadia Kuczmarski alizaliwa tarehe 11 Machi 1953 hapa Milwaukee, upande wa kusini, akiwa mtoto wa nne kati ya watano wa Casimir na Leocadia Kuczmarski. Baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha ngozi. Mama yake alipika, na nikisema alipika wanaomkumbuka wananielewa. Katika nyumba ile mgeni hakuulizwa kama ana njaa. Sahani ilijazwa, ikiisha ilijazwa tena, na kukataa kulihesabiwa kama tusi kwa ukoo mzima wa Kuczmarski. Berni alizoea kusema kwamba siku aliyothubutu kumwambia mama yake "asante, nimeshiba" alitetemeka kuliko siku aliyomwambia kuwa anampenda mwanamke. Maneno hayo ya kushiba myaweke mfukoni, tutayahitaji mbele ya safari.

Alisoma shule ya msingi ya parokia kuanzia mwaka 1959, na sekondari alimaliza mwezi Juni 1971. Alikuwa na mkono wa kurusha ambao kaka zake waliuonea wivu, ila shule ile haikuwa na timu ya wasichana. Alipomwendea mwalimu wa michezo, akajibiwa kwamba wasichana wanakaribishwa kuuza bisi siku za mechi. Basi akauza bisi misimu miwili. Mpira ukitoka nje na kuangukia karibu na kibanda chake, aliurudisha kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika karatasi ya bisi, na mpira ulimfikia mdakaji bila kugusa chini. Mwalimu yule aliona, akaendelea na mechi yake. Dada yake mdogo Florentyna, ambaye tuko naye hapa, anasema siku ile wakirudi nyumbani Berni aliapa: "Mimi nikiwa na timu yangu, hakuna atakayeuza bisi."

Kuanzia Septemba 1974 hadi alipostaafu Juni 2011, marehemu alipeleka barua kwa miguu katika mitaa hii ya Bay View. Aling'atwa na mbwa, aliteleza kwenye barafu, alishiba kahawa za watu. Na kazi hiyo ndiyo iliyompa wachezaji. Mtu akihamia mtaani peke yake, akawa anakaa barazani peke yake majira yote ya joto, Berni alimkabidhi barua zake na kumwuliza, "Unaweza kudaka mpira?" Wengi walijibu hapana. "Vizuri sana. Jumapili saa nne asubuhi, uwanja wa kando ya ziwa. Njoo na kofia." Nawaona baadhi yenu mnacheka. Mnajijua.

Mwaka 1987 alianzisha timu yake katika Ligi ya Ziwani, ligi ya softiboli iliyoundwa na wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake, waliochoka kucheza kwenye timu za viwandani huku wakijificha. Baa ya Wally iliwanunulia jezi za kijani. Jina la Mabata hawakulichagua. Msimu wa kwanza, mpira ukipigwa, wachezaji wote kumi waliufuata kwa mstari mmoja, na wapinzani wakaanza kulia kwek kwek. Berni akasema, "Sawa, sisi ni Mabata. Tuone nani atatufundisha kuogelea."

Miaka ile UKIMWI ulikuwa ukiwavuna vijana wa ligi. Miongoni mwao alikuwa Gerald Haupt, fundi wa mapazia, mchekeshaji wa timu. Mechi ya mwisho ya mwaka 1991 Gerald alifika amebaki mifupa, ila jezi yake imepigwa pasi. Wenzake wakamsihi kwa huruma akae apumzike. Akawaambia, "Huko niendako nitapumzika mpaka nichoke. Leo nimekuja kupiga." Berni akampa kirungu cha kupigia, akamweka mtu mwingine wa kukimbia badala yake. Mpira ukabingirika kidogo tu, wakamtoa mara moja, naye akarudi benchi anacheka kama aliyeshinda bahati nasibu. Alifariki mwezi uliofuata. Tangu hapo Mabata wakawa na sheria moja isiyojadiliwa: aliyekuja na jezi, anapiga. Iwe mechi ya kirafiki, iwe fainali, awe hodari au awe gunia la viazi, zamu yake ni yake.

Sheria hiyo iliwanyima kikombe. Fainali ya 1996 ilipotea mikononi mwa mpigaji dhaifu, na ya 2009 vilevile. Watu walimjia juu. "Berni, huruma yako inatugharimu!" Naye alikuwa na jibu moja, nililisikia mara nyingi hadi likanichosha: "Wala si huruma. Ni zamu yake."

Kuhusu ndoa, walikutana katika baa hiyohiyo ya Wally, Ijumaa moja ya samaki wa kukaanga, mwezi Februari 1984. Dada yangu alikuwa mwalimu wa muziki, amevuka mji mzima kutoka kaskazini kwa sababu ya samaki tu, hivyo ndivyo alivyotuambia nyumbani. Kikabaki kipande kimoja cha mkate, mikono miwili ikakifikia pamoja. "Dada, huo mkate nimeutazama tangu nilipoingia," akasema Odessa. "Na mimi nimekutazama wewe ukiutazama," akajibu Berni. "Tugawane." Wakagawana, na tangu Aprili 1986 wakagawana nyumba.

Mama yetu, marehemu Earline Tolliver, alimwita "yule mpeleka barua" kwa miaka kadhaa na hakutaka kulitamka jina lake. Berni hakumbishia. Kila theluji ilipoanguka alivuka mji na koleo lake, akasafisha njia ya mama, akaondoka bila kugonga mlango. Msimu wa tatu mama akamfungulia mlango na kumfokea, "Utasimama nje hapo mpaka lini, mtoto wewe? Chai inapoa." Hapo ndipo alipopata mama wa pili. Ndoa yao iliruhusiwa kisheria na kufungwa Ijumaa tarehe 10 Oktoba 2014. Karani alipowapongeza maharusi wapya, Berni alimwambia, "Ahsante, mwanangu. Tungekuja mapema ila foleni ilikuwa ndefu." Kesho kutwa wangetimiza miaka kumi.

Mimi niliingia Mabata mwaka 2012, baada ya kufiwa na mke wangu Vernell. Nilikuwa nikifunga saluni yangu ya kunyoa, kisha ninakaa humohumo kwenye kiti cha wateja hadi giza. Berni akaja.

"Shemeji, hicho kiti ni cha kunyolea watu, si cha kuzeekea."

"Berni, niache. Mimi hata si wa ligi yenu. Mimi nilioa mwanamke."

"Na mimi nimeoa mwanamke, kwani nini? Jumapili saa nne. Njoo na kofia."

Walinipokea bila maswali, ingawa safari hii aliyekuwa tofauti ni mimi. Ila niseme ukweli mbele ya jeneza: sikuwahi kuona mchezaji mbovu kunizidi. Udhaifu wangu ulikuwa mmoja, nao ligi nzima iliujua. Siwezi kuuacha mpira upite. Ukija juu ya kichwa, napiga. Ukija miguuni, napiga. Mtu amejisumbua kunirushia, naona ni utovu wa adabu kutomjibu. Ndiyo maana warushaji hawakuhangaika kunitupia mpira mzuri. Walinitupia takataka, nami nikapiga hewa kwa heshima zote.

Berni alinifundisha kwa namna yake. Alininyang'anya kirungu, akanisimamisha mikono mitupu, akanirushia mipira mibovu mfululizo. Kila mmoja uliponipita nilitakiwa niuambie kwa sauti, "Asante, nimeshiba." Watu waliokuwa wakitembeza mbwa walisimama kunitazama. "Sema kwa adabu!" alipiga kelele. "Huyo ni mama yangu na sahani ya tatu! Usipokataa, utapasuka!" Nilisema asante nimeshiba miaka na miaka mazoezini. Siku ya mechi nikishika kirungu tu, njaa inarudi.

Januari mwaka huu marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Madaktari hawakumficha, naye hakutuficha. Aliendelea kufundisha akiwa kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini katikati ya joto la Julai, na sauti ndiyo iliyokataa kuugua. Timu ilicheza mwaka huu kama iliyorogwa. Tukaingia fainali, Jumapili tarehe 18 Agosti, dhidi ya Radi, mabingwa watetezi. Kila mmoja alijua kwamba kikombe hiki kisipopatikana sasa, Berni hatakishika kamwe.

Jumamosi, siku moja kabla, Renata Villalobos alikuja saluni kwangu. Kwa wageni, Renata ni nahodha wetu, fundi umeme, mpigaji hodari kuliko wote katika ligi. Alikuja kwenye timu hii akiwa amefukuzwa kwao kwa kusema kwamba yeye si mvulana bali ni binti, na Berni ndiye aliyemfungulia mlango. Hakukaa. Alisimama anachezea funguo.

"Mjomba Lucius, goti lako linaendeleaje?"

"Goti langu zima."

"Mjomba. Kesho linaweza kuuma?"

Nikamwelewa. Nisipovaa jezi, sheria hainigusi, na Mabata wanapata mpigaji wa maana mahali pangu. Nilimpenda Berni kuliko nilivyoipenda zamu yangu. Nikamwambia goti limeanza kuuma palepale.

Jumapili nikatokea uwanjani nimevaa shati la kanisani, nachechemea. Berni alinitazama kutoka kwenye kiti chake, toka viatu hadi kola.

"Shemeji, juzi umecheza polka jikoni kwangu mpaka kabati likatikisika. Goti gani tena?"

"La kushoto."

"Unachechemea la kulia."

Timu nzima ikatazama nyasi. "Nani kamtuma?" akauliza Berni. "Nauliza, nani kamtuma huyu mzee aje kunidanganya na shati jeupe?"

"Ni mimi, Kocha." Renata alikuwa tayari analia. "Tunataka ushinde. Mara moja tu. Tunataka ushinde kabla..."

"Kabla ya nini? Malizia."

"Kabla hujafa, Kocha."

Berni alimwita karibu, akamshika mkono. "Nitakufa, mwanangu, hilo halina ubishi. Ila sikilizeni, na ninyi wote. Gerald alipiga akiwa na siku chache za kuishi. Nikichukua kikombe na shemeji yangu akiwa benchi, nimerudi kuwauzia watu bisi. Kikombe hicho wapelekeeni wengine. Mimi sikitaki." Kisha akanigeukia. "Na wewe, jezi yako iko wapi?"

"Nyumbani."

"Iko hapa," akasema dada yangu Odessa. Akaitoa chini ya kapu la vyakula, imepigwa pasi. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia lolote kuhusu goti. Mwanamke aliyenilea tangu nina miaka sita, mama akiwa kazini, anajua tu.

Ndugu wa marehemu mliotoka Stevens Point, kuna jambo moja la mchezo wetu inabidi mlijue. Katika Ligi ya Ziwani timu inaruhusiwa kuvusha mipira mitatu tu juu ya uzio kwa mechi moja. Wa nne hauhesabiwi, na aliyeupiga anatolewa. Iliwekwa hivyo ili wenye misuli wasiwafanye wengine watazamaji.

Tulifika zamu ya mwisho tukiwa sare, na sisi ndio tunaopiga. Besi zote tatu, vile vituo vya mkimbiaji, zilikuwa na watu wetu. Mtu mmoja ameshatolewa, anasubiriwa Renata. Kampira kadogo tu kangetosha, mtu wa besi ya tatu akimbie nyumbani, pale anaposimama mpigaji, atupe pointi, tumalize. Mipira mitatu ya uzio tulikuwa tumeshaimaliza, na Renata alilijua hilo kuliko mimi. Lakini alikuwa amelia asubuhi, amecheza mchana kutwa kwa hasira ya mapenzi, na mpira ukamjia mtamu. Akaupiga. Ukapita juu ya uzio, juu ya miti, ukadunda barabarani. Alikimbia besi zote amenyoosha mikono juu, na sisi tukaruka pamoja naye, mpaka tulipomwona mwamuzi amesimama tu, vidole vinne hewani.

Renata akapiga magoti kwenye vumbi. Hakuna aliyethubutu kumtazama Berni, mpaka tuliposikia kicheko. Alikuwa anacheka hadi blanketi limedondoka. "Renata! Mpira mzuri kuliko yote niliyoiona maishani, na hauna thamani hata ya bisi! Njoo ukae na mimi." Akamfuta vumbi usoni kwa ncha ya blanketi. "Sasa, ni zamu ya nani?"

Zamu ilikuwa yangu.

Mrushaji wa Radi alikuwa Desmond Ogletree, yule pale mstari wa nyuma, ambaye usiku huvaa gauni na kuimba na mchana hana huruma. "Babu Lucius!" akaita. "Nikurushie, au nikuletee kwenye sahani?" Akanitupia takataka, mbali kabisa. Nikapiga hewa. Radi wakalia kwek kwek.

Nikamtazama Berni. Hakupaza sauti. Aliweka tu mkono tumboni, kama mtu aliyemaliza kula kwa mama yake.

Mpira wa pili ukaja miguuni. "Asante, nimeshiba," nikasema, ukapita. Desmond akakunja uso. Wa tatu ukapita juu ya kofia. "Asante, nimeshiba." Benchi ikaanza kuelewa. Wa nne ukaja pembeni, karibu kunishawishi, nikasema tena. Sasa ikabidi Desmond anitupie mpira wa kweli, maana mbovu wa nne ungenipa besi bure, na alikuwa hajanitupia hata mmoja kwa miaka kumi na miwili. Hakujua aanzie wapi. Mabata wote wakapiga kelele pamoja nami, na Renata akiwa mbele yao, "Asante, nimeshiba!" na mpira ukaanguka chini, mbele yangu, puu, kama andazi.

Mipira minne mibovu, natembea bure hadi besi ya kwanza, na wa besi ya tatu anasukumwa nyumbani. Tukawa mabingwa wa Ligi ya Ziwani kwa sababu mimi sikufanya kitu. Nilitembea polepole nikilia, na hapa ndipo niliporuhusiwa kulia, Odessa, umeona nimetimiza. Berni alisimama bila kushikwa. Alikiinua kikombe kwa mkono uleule wa kurusha, halafu akamkabidhi Renata akibebe yeye hadi kwa Wally, kwa kuwa, alisema, "aliyeaibika ndiye abebe."

Marehemu aliishi wiki sita na ushee baada ya hapo, na aliziishi akitaniana na kila aliyeingia. Siku ya mwisho ya kula, Jumatano, Odessa alipika supu ya kuku na tambi ya Mama Leocadia. Mimi nilishika kijiko. Alikunywa viwili. Nilipoleta cha tatu alikitazama, akanitazama, akamtazama dada yangu aliyeketi miguuni pake, akatabasamu. "Asante, shemeji," akasema. "Nimeshiba." Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Alikuwa na miaka sabini na moja.

Ameacha mke, Odessa Tolliver. Dada, Florentyna Kuczmarski Zielke, pamoja na watoto na wajukuu wake. Shemeji mmoja, ambaye tangu Agosti hasemeki kwa majivuno. Binti wa mlango wake, Renata. Na Mabata wote, wa sasa na wa zamani. Wamemtangulia wazazi wake, kaka zake watatu, Mama Earline, na Gerald.

Msimamizi wa mazishi ameniambia jeneza lina vishikio sita, akaniomba majina sita. Nimemjibu kama ambavyo Berni angemjibu: aliyekuja na jezi, anabeba. Tutapokezana kutoka mlango huu hadi kaburini, wenye nguvu na wasio nazo, na Radi nao wamo. Desmond, ushike vizuri, usije ukamwangusha kama ule mpira wako. Inukeni sasa, na twende polepole. Kocha wetu hana haraka tena. Ameshiba, tumwache apumzike.